Mzee wa miwani ndiye aliyeangusha seva yangu

Usiku wa kuamkia siku ya kufungua saiti yangu ya tikiti za boti nililala vizuri sana. Nikikumbuka sasa naona hiyo peke yake ingetosha kunishtua, manake fundi wa programu akilala usingizi mnono kabla ya siku kubwa ujue kuna kitu hajakipima. Lakini mimi nilikuwa na grafu ya majaribio bwana. Grafu ya kijani, imenyooka, nimeipiga skrinishoti nikawatumia wenye maboti kwenye WhatsApp na kidole gumba juu, wakajibu mashallah.

Ngoja nieleze kwa yule asiyejua kwetu. Amu, ndiyo Lamu, ni kisiwa, basi la kutoka Mombasa linakuacha Mokowe upande wa bara na kutoka hapo lazima upande chombo. Siku za kawaida hakuna neno, unashuka, unaingia boti, unavuka. Lakini ikifika Mfunguo Sita, watu wakianza kuja Maulidi ya Riyadha, haya aliyoyaanzisha Habib Swaleh zaidi ya miaka mia iliyopita, pale Mokowe hapatoshi. Watu wa Mombasa, wa Malindi, wa Tana, wengine wametoka Unguja na Ngazija, mizigo, watoto, madufu ya kina kaka wa twarika, wote wanataka boti moja, ile iliyo mbele. Kwaivo kikundi cha wenye maboti wakaniambia niwatengenezee tikiti za simu: mtu akiwa bado ndani ya basi anafungua saiti, anachagua boti, analipa kwa M-Pesa, anapewa namba, akifika jeti anaonyesha tu. Ami yangu ni nahodha katika kikundi hicho, na ndiye aliyenitaja, kwa hiyo aibu yangu ilikuwa ni aibu yake pia, hilo mlishike.

Nikatengeneza. Django ya kuandikia saiti, PostgreSQL ndiyo databesi ya kuwekea tikiti, seva (kompyuta inayoendesha saiti) ya kukodi iliyoko Frankfurt yenye prosesa 2 na memori ya GB 4, mambo ya kawaida. Na kwa kuwa mimi ni mtu makini (ndivyo nilivyojidanganya) nikasema hapana, hatufungui hiki kitu mpaka nikipime mzigo.

Kupima mzigo ni hivi, unaandika skripti inayojifanya wateja. Zipo programu nyingi za kazi hiyo, JMeter iko tangu 1998 na bado watu wanaitumia, Locust ni ya wale wanaoandika lugha ya Python, mimi natumia k6 kwa sababu skripti yake ni JavaScript na haili memori ovyo. Unaiambia nipe wateja wa uongo 100, kila mmoja afungue ratiba, achague boti, alipe, apumzike sekunde 2, arudie, alafu inakusomea majibu yamechukua muda gani na mangapi yamefeli.

Jaribio la kwanza kabisa lilikuwa kichekesho. Niliwasha k6 kwenye laptopu yangu juu ya dari, hotspot ya simu, wateja 100, na ndani ya dakika moja majibu yakaanza kuchukua sekunde sita, saba. Nikahangaika na seva karibu saa nzima. Kumbe seva imekaa tu haina kazi, kilichobanwa ni bando langu, wateja mia wote wanapita kwenye simu moja iliyoshika mnara kwa shida huku Langoni. Nikakodi kaseva kengine kadogo, nikaendesha skripti kutoka huko, na hapo ndipo ile grafu ya kijani ikazaliwa. Tikiti kama 47 kwa sekunde, kila moja wastani wa milisekunde 120, kufeli sufuri. Yaani piga hesabu, ni zaidi ya tikiti 2,800 kwa dakika, na boti zetu nyingi hazibebi hata watu 30. Nikaona nimejenga daraja la kupitisha meli juu ya mfereji wa maji machafu.

Basi siku yenyewe ikafika. Mchana baada ya adhuhuri mabasi yakafika Mokowe, na barabara ile ya Garsen na Witu imekuwa na vipindi vingi mabasi yanakuja kwa msafara na askari wa kusindikiza, kwa hiyo hayafiki moja moja, yanafika kwa mpigo. Yalikuwa matatu. Watu kama 150 hivi, simu mkononi, wote kwa pamoja.

Seva ilikufa ndani ya dakika moja.

Na haikufa kifo cha heshima cha kusema samahani tumejaa. Ilikuwa inarudisha ukurasa mweupe ulioandikwa 502, yaani programu iliyo nyuma haikujibu, na mbaya zaidi kuna watu walikatwa pesa na tikiti hawana. Kijana wetu wa jeti kazungukwa na watu wanaomwonyesha meseji ya M-Pesa, yeye hana jina lao kwenye orodha, mama mmoja na kapu lake la maembe anamwambia mimi siondoki hapa mpaka nivuke. Ami akanipigia simu. Hakunigombesha, ingekuwa afadhali angenigombesha, aliniambia tu, "Mwanangu, funga hiyo kitu yako, tutakata karatasi." Wakakata karatasi. Mimi nikakaa na laptopu mpaka baada ya isha nikirudisha pesa za watu mmoja mmoja.

Sasa mtu ukiwa umepigwa hivyo akili inakimbilia jibu rahisi. Nikasema seva ni ndogo. Usiku uleule nikaikuza mara mbili, prosesa 4, memori GB 8, bei ikapanda mara mbili vilevile. Kesho yake tukajaribu na basi moja tu, ikakwama tena palepale! Nikaongeza idadi ya wafanyakazi wa gunicorn, ile programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Django. Kutoka 5 nikaweka 70, kila mmoja anakula memori karibu MB 100, seva ikajaa ikaanza kutumia diski kama memori na hapo hata mimi mwenyewe kuingia ndani yake ikawa naandika herufi moja nasubiri. Nikarudisha kama ilivyokuwa.

Kitu ambacho ningekitazama tangu dakika ya kwanza ni hiki: wakati watu wamekwama vile, prosesa ilikuwa inafanya kazi asilimia 4. Nne! Seva iliyozidiwa na kazi huwa inahema, unaiona prosesa iko tisini na ngapi. Hii yangu ilikuwa imekaa kama mtu barazani. Ukiona watu wanasubiri na mashine haina kazi, basi mashine nayo inasubiri kitu, na kazi yako ni kujua inasubiri nini. PostgreSQL ina jedwali lake linaitwa pg_stat_activity, ukiliuliza linakuonyesha kila koneksheni inafanya nini na kama imesimama imesimama kwa sababu gani. Nililiuliza siku ya tatu. Koneksheni zote tano, moja imefungua muamala (kazi ambayo databesi huiandika yote au huifuta yote) na imekaa kimya, nne zimeandikwa Lock. Zinangoja kufuli.

Nikajua ni wapi kabla hata sijafungua faili. Mtu akichagua boti, programu yangu ilikuwa inafungua muamala kwenye databesi, inaushika mstari wa ile boti kwa kufuli ili watu wawili wasiuziwe kiti kimoja (wazo zuri), alafu huku imeshika kufuli inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja na kungojea aweke PIN. Akishaweka ndio inaandika tikiti, inafungua kufuli. Kwenye jaribio langu yale malipo yalikuwa ya uongo, huwezi kupima mzigo kwa pesa za kweli na mitambo ya malipo ya watu, kwa hiyo niliandika kitu kinachojibu "amelipa" baada ya milisekunde 10. Wateja wangu wote 100 walikuwa wanaweka PIN kwa milisekunde 10.

Nikamweleza ami hivi vitu jioni, tumekaa Mkunguni mbele ya ngome na kahawa, namchorea kwa kidole juu ya saruji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hao watu wako wa laptopu wana mato?"

Nikamwambia hapana ami, hawana macho, ni programu tu.

"Basi ndiyo mana. Mtu mzima akiyiwa na nambari kwenye simu kwanda hutafuta miwani. Miwani i mfukoni, mfuko u ndani ya mkoba, mkoba umekaliwa ni mtoto."

Nilicheka lakini sikulala usiku ule. Kesho yake mchana nikavuka mpaka Mokowe na daftari na saa ya simu, nikakaa pale mabasi yanaposimama, nikawa nawatazama watu wanavyolipia vitu kwa M-Pesa, soda, mahamri, chochote, nahesabu kimoyomoyo tangu simu inapolia mpaka mtu anaposema tayari. Vijana sekunde saba, nane. Mtu mwenye mtoto mkononi kumi na tano. Na kulikuwa na mzee mmoja kofia yake nzuri ya vitobo, simu imelia, kaitoa, kaiweka mbali na macho, kaisogeza karibu, kamwita mjukuu, mjukuu kaja kasoma, mzee kakataa mjukuu asione PIN, kageuka upande wa pili, kakosea, karudia. Sekunde hamsini na kitu. Kwa wote niliowahesabu nikaona niweke wastani wa sekunde 20, na hapo nimewapendelea.

Sasa kuna sheria moja ya foleni, inaitwa sheria ya Little, kwa jina la John Little aliyeithibitisha mwaka 1961, na ni rahisi mpaka inaudhi: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi wanayoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Bas. Inafaa kwa benki, kinyozi, seva, yote. Igeuze. Ndani ya seva yangu wanaingia watu 5 tu kwa wakati mmoja, manake wafanyakazi ni watano na kila mmoja anashika mteja mmoja mpaka amalize. Kila mteja anakaa sekunde 20. Tano gawa kwa ishirini ni robo mtu kwa sekunde, yaani 15 kwa dakika. Tayari tumeshatoka kwenye 2,800. Lakini lile kufuli, ukumbuke, ni la boti, na wote wanataka boti ileile ya mbele, kwa hiyo kwa kweli anayehudumiwa ni mmoja tu na wanne wameshika nafasi bure. Moja gawa kwa ishirini. Tikiti 3 kwa dakika. Watu 150 kwa mwendo huo ni dakika 50, na hiyo ni kama kila kitu kimekwenda sawa.

Na hakikwenda sawa kwa sababu gunicorn, usipoigusa, mfanyakazi akikaa kimya sekunde 30 inamuua na kuweka mwingine. Hebu fuata: watano wameingia pamoja, wa kwanza anaweka PIN anamaliza kwenye sekunde ya 20. Wa pili ndio kufuli linamfikia, simu yake inalia, anatafuta miwani, na sekunde ya 30 anakatwa. Muamala unafutika kwenye databesi kana kwamba haukuwepo, lakini simu yake bado inamwomba PIN! Anaweka. Pesa zinakwenda. Tikiti hakuna. Wa tatu mpaka wa tano wanapata 502 bila hata simu kulia, wanabonyeza tena, na tena, na wale waliokuwa wanataka kutazama ratiba tu hawana hata mfanyakazi wa kuwafungulia mlango. Yule mama wa maembe alikuwa wa pili. Nimemtafuta kwenye logi, kumbukumbu za seva.

Mzee wa watu hakukosa kitu. Mimi ndiye niliyemwacha nje ya jaribio langu.

Nikaanza upya, na safari hii sikugusa programu yenyewe kwanza, niliandika skripti upya mpaka nikauona ule msiba ukitokea mbele yangu kwenye seva ya majaribio, manake usipoweza kuufanya ugonjwa utokee utajuaje kama umeupoza. Malipo ya uongo nikayapa muda, kati ya sekunde 6 na 60, wengi wakiwa chini ya 20. Hapo awali wateja walikuwa wanachagua boti yoyote kati ya 40 kwa bahati nasibu, nikasema hapana, tisa kati ya kumi wanataka boti ya mbele. Nikawafundisha kukosa subira pia, asipojibiwa baada ya sekunde 5 abonyeze tena. Na databesi ya majaribio iliyokuwa na tikiti 50 nikaijaza tikiti za uongo 300,000, kama vile tumeshafanya kazi miaka kadhaa.

Kingine nilichobadilisha ni kidogo lakini naona watu wengi wanakikosa. Wateja wale 100 wa mwanzo walikuwa na adabu sana: kila mmoja anatuma ombi, anangoja jibu, akipata ndio anatuma jengine. Kwa hiyo seva ikipunguza mwendo na wao wanapunguza, mzigo unashuka wenyewe, na wewe unaona grafu tulivu. Ulimwenguni si hivyo. Basi la Mombasa haliulizi seva yako ina hali gani. k6 ina namna ya kusema nataka watu wapya 5 kila sekunde, waliotangulia wamejibiwa hawakujibiwa shauri yao, na ukitumia hiyo ndio unaona foleni inavyojikusanya kikwelikweli. Gil Tene, mtu wa mambo ya Java, amelipigia kelele sana kosa hili la kipimo kinachongojea pamoja na mpimwaji.

Na wastani nikauacha. Wastani ni mwongo mwenye sura nzuri. Watu 95 wakijibiwa kwa milisekunde 200 na watano wakangoja sekunde 30, wastani unakuja sekunde 1.7 hivi, unasema si mbaya, na kumbe una watu watano jeti wanataka kukurusha majini. Tazama asilimia ya 95 na ya 99, yaani yule wa mwisho mwisho kwenye foleni anapata nini.

Nilipoendesha skripti mpya juu ya programu ya zamani, ilikufa kwenye sekunde ya 40. Sijawahi kufurahi hivyo kuona 502.

Kuponya kwenyewe kulikuwa siku mbili. Mtu akichagua boti, muamala unafunguka, kiti kinaandikwa kimeshikwa kwa dakika 3, muamala unafungwa, kufuli limeachiwa, yote milisekunde 30 au 40. Ombi la malipo linakwenda nje ya muamala. Mteja anajibiwa palepale "weka PIN kwenye simu yako" na mfanyakazi anakuwa huru. PIN ikishawekwa, mtambo wa malipo wenyewe unaipigia seva yangu kuiambia fulani amelipa, kiti kinakuwa chake, dakika 3 zikipita bila malipo kiti kinarudi sokoni, na akilipa wakati kiti kimeshakwenda anapelekwa boti inayofuata badala ya kuachwa hewani. Akibonyeza mara nne, zote nne zina namba moja ya ombi, zinahesabiwa moja. Mzee ana dakika zake tatu za miwani na hamzuii mtu.

Nikaendesha tena nikitegemea kijani. Asilimia ya 95, sekunde 4! Ikabidi nicheke. Safari hii prosesa iko asilimia 98, inahema kwelikweli. Kumbe simu za wale wanaongojea tikiti zilikuwa zinauliza kila sekunde 2 "tayari?" na kila swali linaifanya databesi isome mistari yote 300,000 moja baada ya moja, EXPLAIN ANALYZE, amri ya kuiuliza databesi imetafuta vipi, ikanionyesha Seq Scan, yaani kusoma jedwali zima, wazi kabisa. Kwenye tikiti 50 nisingeiona maisha. Indeksi moja, kama faharasa ya kitabu, mstari mmoja wa SQL, lugha ya databesi, ikashuka mpaka milisekunde 90. Seva nikairudisha kwenye prosesa 2 zake za mwanzo, bei ikashuka, wenye maboti wakafurahi kuliko walivyofurahia chochote nilichowaeleza.

Wakati mwingine najituliza na ile saiti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 baada ya mamilioni ya dola, na siku ya kwanza waliofanikiwa kumaliza kujiandikisha walikuwa watu 6. Sita, kwa majimbo 36. Sisi siku ile tuliuza 11.

Maulidi yaliyofuata nilikwenda mwenyewe Mokowe, sikulala usiku wake, na safari hii mabasi yalikuwa manne. Nimesimama na laptopu juu ya kreti la soda natazama. Dakika kumi, tikiti zote zimekwisha, hakuna 502, hakuna aliyekatwa bure. Nikainua kichwa nimtafute ami nimwambie. Foleni imejikunja kutoka ngazi za jeti mpaka kwenye maduka. Kijana wetu anakagua tikiti kwa simu moja yenye skrini iliyopasuka, kila mtu anamsomea namba, yeye anaandika kwa kidole kimoja, haioni vizuri kwa jua, anaifunika kwa mkono.

Ami yuko juu ya chombo chake, injini inanguruma, boti tupu.

"Wambaje mwanangu," akanipigia kelele, "huyu naye umempima?"